Tabibu wa Miguu Atoke Wapi?

Katika kliniki zetu nyingi za kisukari mgonjwa hupimwa uzito, hupimwa presha, hutobolewa kidole apimwe sukari, kisha huandikiwa dawa na kupewa tarehe ya kurudi. Muda wote huo viatu vyake vimo miguuni. Si kwamba kuna aliyekataza visivuliwe. Daktari ana foleni inayofika nje ya mlango, muuguzi ana rejista ya kujaza, na katika chumba kizima hamna mtu ambaye ukimuuliza kazi yake atakujibu kwamba ni miguu. Sura hii inamhusu mtu huyo anayekosekana. Uingereza, Marekani na Afrika Kusini ana taaluma yake, podiatria, na ana leseni yake. Hapa nitamwita tabibu wa miguu. Ninachodai ni kwamba Tanzania inaweza kumpata mapema kuliko tunavyodhani, kwamba Dodoma na mikoa ya kanda ya kati ni mahali pa kumwanzishia mafunzo, na kwamba njia ya kumpata ni kumwongezea ujuzi ofisa tabibu na muuguzi tulio nao sasa. Tukisubiri kwanza shahada kamili ya podiatria isimamishwe kuanzia msingi hadi paa, tutasubiri huku miguu inakatwa.

Tuanze na mguu wenyewe. Kuanzia kisigino hadi ncha za vidole una mifupa 26, na uzito wote wa mwili hupita hapo kila hatua. Sukari inapokaa juu kwenye damu kwa miaka, mishipa ya fahamu iliyo mirefu kuliko yote, ile inayofika vidoleni, ndiyo hutangulia kuharibika. Mgonjwa husema miguu inamwaka moto, au anachomwa sindano usiku, kisha siku moja husema afadhali, maumivu yameisha. Hayakuisha kwa kupona. Mguu umekufa ganzi. Misuli midogo ya wayo nayo hulegea, vidole hujikunja kama makucha, uzito huhamia kwenye eneo dogo chini ya vidole, na ngozi ya hapo hujenga sugu. Mwenye hisia angechechemea, angekaa, angebadili kiatu. Mwenye ganzi hutembea juu ya sugu hiyo kama mtu aliye na kokoto ndani ya kiatu asijue, damu hujikusanya chini yake, na siku sugu inapopasuka kidonda kimeshakwenda ndani. Lugha yetu ina jina la kidonda kisichopona, donda ndugu, kidonda kinachokaa na mtu kama jamaa wa nyumbani. Mara nyingi donda ndugu la mguuni lilikuwa sugu tu miezi michache kabla, na sugu hukwanguliwa kwa wembe wa upasuaji kwa dakika chache, bila ganzi ya sindano, na mkono unaojua ukomee wapi.

Sasa mchukue mtu huyo umpeleke Bahi, Chamwino au Manyoni mwezi wa Septemba. Mvua ya Dodoma ni kama milimita 600 kwa mwaka, nayo hunyesha katika miezi michache. Kipindi kilichobaki ni jua, upepo na vumbi. Ngozi hukauka, kisigino hupasuka magaga, na kila ufa ni mlango wa vijidudu. Njia ya shambani imejaa miiba ya migunga. Kiatu ni ndala, au ni katambuga, yaani kipande cha tairi kilichokatwa kwa umbo la wayo na kushikiziwa mikanda kwa misumari midogo. Katambuga ni kinga imara dhidi ya mwiba, na fundi wake anastahili heshima. Ila msumari mmoja ukichomoza upande wa ndani, mwenye hisia atausikia kabla hajatoka uani, na mwenye ganzi atatembea nao mpaka jioni, akute damu kwenye mkanda akidhani ni tope.

Zamani tungeweza kusema kwamba wagonjwa wa namna hii ni wachache. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Tanzania miaka ya 1980 ulikuta kisukari kwa karibu mtu mzima mmoja tu katika kila mia. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikikuta kwa asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Hata tukikubali kwamba vipimo na makundi yaliyopimwa havikufanana, mwelekeo hauna ubishi. Na Dodoma yenyewe si ile ya zamani. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,083,588 mkoani. Ile ya 2022 ilihesabu 3,085,625. Katikati yake, kuanzia 2016, serikali ilihamia, na pamoja nayo zikaja ofisi, magari, chipsi, soda na kazi za kukaa kitini kutwa. Kisukari kimeacha kuwa ugonjwa wa Dar es Salaam peke yake, kama kiliwahi kuwa.

Elimu ya kuutunza mguu usiosikia maumivu haikuanzia kwenye kisukari. Kwa kiasi kikubwa ilitoka kwenye ukoma, na hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu ndipo hoja yangu inapopata mizizi. Paul Brand, daktari mpasuaji Mwingereza aliyezaliwa India mwaka 1914, alifika Vellore, kusini mwa nchi hiyo, mwaka 1946. Wakati ule wengi waliamini kwamba nyama ya mkoma huoza yenyewe, na kwamba vidole hudondoka kwa sababu ugonjwa huvila. Brand alipoangalia kwa makini aliona vidonda vya wagonjwa wake vikipona kama vya watu wengine, mradi vilindwe visigongwe wala kukanyagiwa. Kilichokuwa kikiwamaliza ni kukosa maumivu, basi. Wapo walioamka asubuhi wakiwa na sehemu ya kidole haipo. Ulinzi ulipowekwa usiku ilionekana ni panya, na tangu hapo wagonjwa waliokuwa wakirudi nyumbani walipewa paka. Mwaka 1966 Brand alihamia Carville, Louisiana, na huko akaanza kuwatibu wagonjwa wa kisukari kwa mbinu zilezile. Msomaji anayedhani kisa cha panya ni cha India ya zamani ajue kwamba mwaka 2005 Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake waliandika juu ya wagonjwa wa kisukari wa Dar es Salaam walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala, wasishtuke.

Kanda ya kati inaujua ukoma. Hombolo, mwendo mfupi kutoka Dodoma mjini, Kanisa Anglikana liliendesha kituo cha wagonjwa hao. Katika vituo vya ukoma mgonjwa alifundishwa kuitazama miguu yake kila siku kama mtu anavyotazama vyungu jikoni, kuiloweka kwenye maji ya kawaida, kuipaka mafuta, kukwangua sugu, na kuvaa sandali yenye mpira laini ndani na mpira mgumu chini, iliyogundishwa kwa gundi na kushonwa, isiyo na msumari hata mmoja. Mwaka 2006 Tanzania ilifikia lengo la Shirika la Afya Duniani la kuwa na wagonjwa wa ukoma pungufu ya mmoja katika kila watu 10,000. Ni ushindi mkubwa. Lakini kila mgonjwa wa ukoma anayepungua hupunguza pia sababu ya kumfundisha muuguzi kijana kazi ile, na wale walioijua kwa mikono yao wanastaafu mmoja baada ya mwingine. Tunaupoteza ujuzi wa mguu wenye ganzi katika miaka ileile ambayo miguu yenye ganzi inaongezeka. Hilo linapaswa kututia wasiwasi kuliko uhaba wa mashine yoyote.

Huko podiatria ilikokomaa, mafunzo yake hayalingani. Uingereza, ambako hospitali ya miguu ya London ilianza mwaka 1913, husomwa kwa shahada ya miaka 3, Scotland miaka 4, na jina la taaluma linalindwa na sheria. Asiyesajiliwa hawezi kulitumia. Marekani mtu humaliza kwanza masomo ya chuo, kisha miaka 4 ya udaktari wa miguu, kisha miaka 3 ya mazoezi hospitalini, na mwishoni hupasua na kunyoosha mifupa. Afrika Kusini ni miaka 4 katika Chuo Kikuu cha Johannesburg. Tofauti hizi zinatufundisha jambo moja: kwamba hakuna urefu mmoja uliowekwa na maumbile. Kila nchi imeupima muda kwa kazi iliyomkabidhi mtu huyo na kwa elimu aliyoingia nayo. Anayetoka moja kwa moja sekondari lazima afundishwe kwanza mwili wote, dawa, usafi wa vyombo na namna ya kuongea na mgonjwa. Ofisa tabibu wetu ameshasoma miaka 3 ya hayo. Muuguzi wa stashahada vilevile. Kinachobaki kuongezwa ni kile kinachohusu mguu tu, nacho kinaingia katika mwaka mmoja wa masomo na kazi, au miwili tukitaka awe mwalimu.

Kiini chenyewe ni hiki. Kwanza ni kupima. Uzi wa nailoni uliotengenezwa upinde ukifikia nguvu ya gramu 10 huguswa kwenye wayo, mgonjwa akiwa amefumba macho, mpaka ujikunje, naye aseme anausikia wapi. Asipousikia, mguu huo umepoteza ulinzi wake na unaingia kwenye orodha ya hatari. Vidole viwili juu ya wayo na nyuma ya kifundo cha ndani hutafuta mapigo ya damu. Yakikosekana, kukwangua na kukata kunahitaji tahadhari na pengine rufaa. Kazi hii inachukua dakika tano na haihitaji umeme. Pili ni mkono: kukata kucha bila kujeruhi, kukwangua sugu tabaka kwa tabaka hadi ngozi laini ionekane, kuondoa nyama iliyokufa kwenye kidonda, kukipima kina kwa kijiti kisafi ili kujua kama kimegusa mfupa. Tatu, ambalo wengi husahau, ni kuondoa uzito. Kidonda cha chini ya wayo kikifungwa bendeji nzuri kuliko zote duniani hakitapona kama mgonjwa anaendelea kukikanyagia kwenda kisimani. Plasta iliyokaa vizuri kwenye mguu mzima hadi chini ya goti, aina ileile iliyotumika kwa wagonjwa wa ukoma, huusambaza uzito na kukiacha kidonda kipumue, na vifaa vyake vimo katika kila hospitali inayofunga mifupa iliyovunjika. Nne ni kiatu, na hapa tabibu akae na fundi viatu wa sokoni, amwonyeshe kwa nini aache msumari na atumie gundi na uzi. Tano ni kujua saa ya kuacha: usaha unaopanda, homa, kidole kilichogeuka cheusi, mguu uliovimba na kuwa na joto bila kidonda. Hapo ni gari la wagonjwa na simu kwa daktari mpasuaji siku hiyohiyo.

Je, mafunzo mafupi ya namna hii hufanya kazi? Tunao ushahidi wa nyumbani. Mwaka 2004 ulianza mradi wa hatua kwa hatua wa mguu wa kisukari, India na Tanzania, Dkt. Abbas akiwa miongoni mwa waliouongoza kwetu. Badala ya kutafuta wataalamu wapya, waliwaita daktari na muuguzi wawiliwawili kutoka hospitali mbalimbali, wakawapa mafunzo ya awali na vifaa vya kazi, wakawarudisha vituoni, kisha wakawaita tena baada ya mwaka kwa mafunzo ya juu. Ripoti iliyochapishwa 2011 ilionyesha vituo vilivyoshiriki vikiboresha huduma na kukata miguu kukipungua. Jambo la kuzingatia ni ule mpango wa wawiliwawili na wa kurudi. Mtu aliyesoma peke yake hurudi kwenye wodi ambako hakuna anayemwelewa. Wawili husaidiana, na mwaka wa kazi katikati huwaletea maswali ambayo darasani yasingezaliwa.

Wapo watakaosema kwamba mafunzo mafupi huzaa wataalamu nusu, na nusu mtaalamu mwenye wembe mkononi ni hatari. Hofu hii ni ya haki na isipuuzwe. Lakini Tanzania imeshalijibu swali hili katika kazi nzito kuliko ya kukwangua sugu. Kwa miongo mingi madaktari wasaidizi, waliotokana na maofisa tabibu walioongezewa miaka 2, walifanya upasuaji wa uzazi katika hospitali za wilaya. Utafiti uliochapishwa 2009 kuhusu hospitali za Mwanza na Kigoma ulikuta kwamba wao ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa dharura wa uzazi, na matokeo yao hayakutofautiana kwa maana na ya madaktari wenye shahada. Moshi, katika eneo la hospitali ya KCMC, chuo cha kikanda cha magonjwa ya ngozi kinawafundisha maofisa tabibu na wauguzi tangu 1992, na wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Jirani nacho, chuo cha TATCOT kimekuwa kikifundisha mafundi wa miguu na mikono bandia tangu 1981. Hatari haitokani na ufupi wa mafunzo. Inatokana na kumfundisha mtu kisha kumwacha bila msimamizi, bila vifaa na bila mipaka iliyoandikwa ya kazi yake. Kwa hiyo mipaka iandikwe tangu siku ya kwanza: tabibu wa miguu hapasui mfupa, hagusi mguu usio na mapigo ya damu bila daktari, na kila mwaka kazi yake hukaguliwa.

Pingamizi la pili ni la vipaumbele. Zahanati hazina watumishi wa kutosha, wajawazito na watoto wachanga bado wanakufa, nawe unataka mtu wa miguu? Jibu langu linaanzia wodini. Mgonjwa wa donda la mguu hulala kitandani wiki kwa wiki, hutumia dawa za bei kubwa, hurudishwa chumba cha upasuaji mara mbili au tatu, na akitoka bila mguu, mkulima wa mtama wa Mpwapwa amepoteza jembe lake pamoja na mguu. Binti yake huacha shule amsaidie. Tabibu mmoja anayezuia haya hamnyang'anyi mjamzito chochote, anafungua vitanda. Tena hatamtibu mgonjwa wa kisukari peke yake. Mwiba uliooza ndani ya wayo, funza, vidonda vya miguu vya wenye selimundu, masalia ya ukoma, mtoto mwenye mguu kifundo anayetakiwa kupelekwa kunyooshwa mapema, wote ni wake.

Lipo pingamizi la tatu, nalo ndilo linalonipa shida kweli. Mtumishi akisomea kitu kisicho na nafasi katika muundo wa utumishi, hapandi daraja kwa hicho, na bosi anayefuata humrudisha wodi ya kawaida. Tumeona ujuzi mwingi ukifa hivyo. Ndiyo maana sishauri tuanze na kada mpya. Mtu abaki ofisa tabibu au muuguzi, aongezewe stashahada ya juu itakayotambuliwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, na baraza linalomsajili, na hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na ikama ya watu wawili wa chumba cha miguu. Shahada itakuja, na inapaswa kuja, kwa ajili ya walimu na watafiti. Wachache wapelekwe Johannesburg au kwingineko waisomee. Lakini ije juu ya kazi inayoonekana, wakati tayari kuna vyumba, wagonjwa na takwimu za miguu iliyookolewa, kuliko kuanzisha shahada ambayo mhitimu wake wa kwanza hatakuwa na mlango wa kubisha.

Kwa nini Dodoma na si Dar es Salaam au Moshi? Kwa sababu vinavyohitajika vimekaa karibu. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kina masomo ya tiba na uuguzi, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iko ndani ya eneo lake. Mjini ipo hospitali ya rufaa ya mkoa, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kinafundisha uuguzi. Mvumi ipo hospitali ya kanisa inayohudumia wanavijiji. Hombolo ina historia niliyoieleza, na wazee wake waliowahi kuvaa au kushona sandali za ukoma wangefaa kualikwa darasani kama walimu, walipwe kama walimu. Wizara ya Afya iko hapahapa. Na wagonjwa wenyewe ni wa aina ambayo mwanafunzi lazima aizoee: watembea kwa miguu, wakulima na wafugaji, watu wa magaga na miiba, ambao hawatavaa kiatu cha hospitali shambani hata ukiwapa bure, na kwa hiyo wanadai tabibu anayejua kuirekebisha katambuga. Anayejifunzia hapa ataweza kufanya kazi Singida, Tabora au Manyara bila kushangaa.

Darasa la kwanza linaweza kuwa na wanafunzi 20, kumi maofisa tabibu na kumi wauguzi, wakitoka wawiliwawili katika hospitali kumi za kanda. Kinachongojwa ni mtu wa kuandika mtaala na mtu wa kuuidhinisha. Na wewe unayesoma, kama una kisukari au unaye mzazi mwenye kisukari, usimngoje tabibu huyo. Siku ya kliniki mwezi huu, vua viatu kabla hujaulizwa, uinue wayo, na umwombe muuguzi autazame.